Mapigo Thelathini na Matatu

Kila asubuhi chai yangu huiva kwa kengele. Nikisikia pigo la kwanza natia majani kwenye sufuria. Likiisha pigo la thelathini na tatu naiepua. Sitazami saa. Chumba changu kiko nyuma ya kanisa letu hapa mtaani Kyebando, kimepakana na stoo ya viti vya plastiki, na kengele yenyewe ni ringi ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa waya kwenye boriti iliyochomoza nje ya mlango mkubwa. Inapigwa kwa kipande cha nondo. Sauti yake inashuka mpaka kule chini kwenye mfereji, na watu wanaamka, wa kanisa na wasio wa kanisa.

Jumatano ile nilihesabu hadi kumi na tisa. Pigo la ishirini halikuja. Kilikuja kishindo, kisha kitu kizito kikaviringika kwenye saruji, kisha mbwa wa majirani wakaanza kubweka wote kwa pamoja, na katikati ya kelele hizo sauti ya mwanamume ikasema, "Ya salaam!"

Nilijifunga leso nikatoka mbio, nikaiacha chai kwenye sigiri. Nilidhani Babu Ojera ameanguka.

Babu Ojera ndiye mpiga kengele wetu, mwaka wa ishirini na sita huu. Si babu yangu wa damu. Lakini nilipokuja hapa kuwa katibu wa kanisa, nimetoka chuoni na diploma yangu na woga wangu, yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenisemesha bila kunitaka nipaze sauti. Kila asubuhi, akimaliza kupiga, alipita dirishani kwangu na kugonga kioo mara mbili kwa ukucha.

"Katibu, dunia bado iko?"

"Iko, Babu."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na yalinitosha mpaka jioni. Ila tangu baada ya Pasaka aliacha kugonga dirisha. Kengele ililia kila siku, lakini hatua zake hazikupita tena kwangu. Nilijua nimemkosea. Nikatafuta kosa langu, nikapata kama sita hivi, na sikumuuliza juu ya hata moja. Jumapili nilimwona ameegemea mlango mkubwa kama kawaida yake, nikamsalimia kwa kuinamisha kichwa, nikapita.

Chini ya boriti, ringi ilikuwa imelala ubavu. Kando yake mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameshika mguu wake wa kulia kwa mkono mmoja na nondo kwa mkono wa pili. Amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kufuma. Hakuwa Babu Ojera. Alikuwa Mzee Marjan, Mnubi, jirani wa Babu Ojera huko chini, ambaye Kyebando nzima inajua kwamba hakosi swala ya alfajiri msikitini.

"Hapana piga kelele, mtoto yangu," aliniambia.

"Sijapiga, Mzee."

"Uso yako inapiga."

Nilitazama huku na huku. "Babu Ojera yuko wapi?"

"Afande yuko nyumba yake, mzima. Kidole yangu ndiyo si mzima." Wawili hawa walitumikia polisi pamoja tangu ujana, na mpaka leo kila mmoja anamwita mwenzake Afande, kwa Kiswahili kile kile cha kambini.

Waya ulikuwa umeoza ukakatika, na ringi ilipoanguka ilimkwaruza kidole gumba cha mguu. Nilimwongoza mpaka mlangoni kwangu, nikamwosha damu, nikamfunga kitambaa. Chai ilikuwa imechemka mpaka imekuwa nyeusi kama lami. Nikaona haya kumpa, lakini akaipokea kwa mikono miwili.

"Hii chai imeiva mpaka imezeeka," alisema, akanywa yote.

Nikamwuliza polepole, nikitazama kitambaa na si uso wake. "Tangu lini, Mzee?"

Aliguna. "Wiki ya pili baada ya Pasaka yenu. Nyonga ya Afande ilikataa. Alipanda huku mpaka nusu ya njia, akakaa chini, akashindwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Mimi natoka kuswali, namkuta. Akaniambia, Afande, nishikie siku tatu tu. Nikasema sawa, mimi niko macho tayari, njia ni hii hii. Sasa siku tatu ya Afande bado inaendelea."

"Miezi mitatu!"

"Afande hesabu si kazi yake."

Hapo nikakumbuka jambo. Babu Ojera alikuwa akipiga mapigo kumi na mawili, moja kwa kila mtume. Baada ya Pasaka ndipo yakawa thelathini na matatu, na kanisa zima lilizungumza. Mwenyekiti wetu wa baraza, Bwana Otema, alisimama akasema ndugu zangu, mnasikia? Mzee wetu, bila kuambiwa na mtu, anapiga pigo moja kwa kila mwaka ambao Bwana aliishi duniani. Kutoka hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kumpa cheti siku ya shukrani, Jumapili ile iliyokuwa inakuja. Cheti kilikwisha chapishwa, kina ukingo wa dhahabu. Risala niliandika mimi.

"Mzee Marjan, mbona unapiga thelathini na tatu?"

Akatazama kikombe kitupu. "Aliniambia kumi na mbili. Lakini mimi nimetoka kuvuta tasbihi sasa hivi. Mkono ikianza kuhesabu, inajua kusimama pahali moja tu, thelathini na tatu. Siku ya kwanza nikakosea, nikaogopa. Siku ya pili nikasema leo kumi na mbili, nikakosea tena. Halafu nikasikia watu yenu wamefurahi. Nikaacha."

Nilicheka mpaka nikajifunika mdomo kwa leso. Yeye pia akacheka, mabega yakitikisika, mguu wake uliofungwa ukiwa juu ya kindoo changu. Kisha nikakumbuka ile risala, mstari wa pili: *hajakosa asubuhi hata moja*. Kicheko kikanikauka.

"Mwambie Mwenyekiti waya imeoza," alisema akiinuka. "Hiyo ni kweli. Habari ya mkono ya nani inapiga, usiseme. Afande atakufa kwa aibu, na mimi nitabaki kucheza karata na nani?"

*

Bwana Otema alifika saa tatu, amevaa sare zake za inspekta wa trafiki, ameleta mnyororo mpya kutoka nyumbani kwake. Ni mtu mwema. Anapenda kila kitu kiwe kwenye mstari, hata viti, hata watoto. Aliitundika ringi mwenyewe, akaivuta kwa nguvu mara mbili kuijaribu.

"Heri imeanguka Jumatano kuliko Jumapili," alisema. "Sasa sikiliza, Lamunu. Jumapili Mzee atapiga mbele ya watu wote. Tunatoka nje, tunamzunguka. Yote thelathini na matatu. Watoto wa Shule ya Jumapili wanahesabu kwa sauti. Halafu unasoma risala, namkabidhi cheti."

"Nani anasoma?"

"Si wewe umeandika?"

"Mimi… sawa, afande."

Aliondoka na pikipiki yake, nami nikabaki nimesimama chini ya ule mnyororo unaong'aa. Kusoma mbele ya watu kuliniogopesha kwa namna yake. Lakini zaidi nilikuwa naona mkono wa Babu ukiinua ile nondo mara thelathini na tatu, juu ya nyonga isiyoweza kupanda kilima.

Jioni nilishuka kwake. Anaishi peke yake katika chumba cha mwisho karibu na mfereji tangu mkewe afariki. Mlango wake na wa Mzee Marjan unatazamana, na katikati pana kiuanja ambapo Bi Kaltumi, mke wa Mzee Marjan, hutandika mkeka na kufuma makawa ya rangi rangi ya kufunikia chakula. Babu alikuwa amekaa mlangoni anasugua mkanda wake wa zamani wa polisi. Aliponiona akataka kusimama. Mikono ikashika mwimo wa mlango, uso ukakunjamana, akakaa tena, akajifanya alitaka tu kusogeza kiti.

"Katibu! Dunia bado iko?"

"Iko, Babu." Nilikuwa sijasikia maneno hayo kwa miezi mitatu.

"Mwambie, binti," alisema Bi Kaltumi bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Mwambie umeona mguu ya mzee yangu. Wazee wawili, miguu nne, mzima imebaki mbili. Moja ya huyu, moja ya yule. Tukiwafunga pamoja tutapata mtu mmoja."

"Kaltumi, nyamaza," sauti ya Mzee Marjan ilitoka ndani.

"Nimenyamaza miezi tatu. Mume yangu anatoka msikitini, anapitia kanisani kugonga chuma, wanawake wenzangu wananiuliza, Kaltumi, mzee ameokoka? Nawajibu nini?"

Babu Ojera aliinamia mkanda wake. Basi akajua kwamba najua. Nikakaa kwenye ukingo wa kizingiti, chini yake kidogo, ili asilazimike kunitazama.

"Babu, Mwenyekiti anataka Jumapili upige mbele ya watu wote."

Kitambaa kilisimama juu ya shaba ya mkanda. "Mara ngapi?"

"Thelathini na tatu."

"Marjan ameniua," alisema kwa upole, na ndani ya chumba cha pili mtu akakohoa.

"Unaweza kuwaambia tu kwamba nyonga inauma. Hakuna atakayekulaumu."

Maji machafu yalikuwa yakipita mferejini, na mtoto wa mahali fulani alikuwa akiogeshwa na kulia.

"Nilipotoka polisi nilikuwa mtu wa pombe," alianza. "Hilo hulijui, wewe ulikuwa hujazaliwa. Siku moja mvua ilinikamata njiani, nikajificha mlangoni pa kanisa. Ibada inaendelea. Maji yananidondoka, pombe inaninuka. Nani angenisogezea kiti? Mchungaji wa zamani akatoka, nikafikiri amekuja kunifukuza. Akanipa nondo. Akasema, Mzee, nisaidie, piga hii, tunamaliza. Nikapiga." Akatabasamu. "Kutoka siku hiyo nina kazi pale. Napiga, nafungua madirisha, nawapanga watu, nasimama mlangoni. Miaka ishirini na sita, Katibu, sijakaa kwenye kiti cha kanisa hata mara moja kama mtu aliyekuja kusali tu. Sijui wanafanyaje wale."

"Wanakaa tu, Babu."

"Wakijua siwezi, watanipa pole. Watasema Mzee apumzike. Nikipumzika, mimi nani pale? Nitakuwa tena yule wa mvua."

Ndipo nikaelewa kwa nini anakuja na boda Jumapili kabla ya watu na kuondoka baada yao, na kwa nini saa mbili nzima anauegemea ule mlango badala ya kukaa. Na nikaona nimwambie na lile lingine.

"Hujaenda mbele kupokea Meza ya Bwana tangu Pasaka."

Akageuka kunitazama. "Umeona?"

"Mimi huona, Babu. Ni kusema ndiko sijui."

"Kule mbele kuna ngazi tatu," alisema. "Nyonga haitaki. Lakini hata kama zisingekuwepo. Kila asubuhi nalala hapa nasikia jina langu likipigwa na mkono wa mwenzangu. Huu mkono wangu nitaunyosha vipi nipokee mkate?"

Bi Kaltumi alikuwa ameacha kufuma.

"Marjan hakunidai kitu," Babu aliendelea. "Mwaka mmoja alinificha chini ya kitanda cha mama yake, watu wa serikali wakitutafuta sisi Waacholi. Miaka ikapita, serikali ikaanguka, wakatafutwa wao, Wanubi. Nikamficha mimi. Hatukuandikiana. Huyu ningemwambia apige miaka kumi, angepiga. Kosa si lake. Jumapili ipite, Katibu. Nitapiga, hata nikianguka. Halafu nitasema mimi mwenyewe. Wewe usiseme."

Nilitaka kumwuliza juu ya dirisha. Neno lilifika mpaka kwenye meno. "Sawa, Babu," nikasema, nikapanda kurudi.

Siku mbili zile niliifuta ile *hajakosa asubuhi hata moja*, nikairudisha, nikaifuta tena. Ijumaa nilimpelekea Mchungaji Adoch matangazo ayatie sahihi. Yeye ni mama wa watoto watano na husikiliza huku akifanya mambo mengine, na hilo hunisaidia.

"Mchungaji, mtu asiyeweza kupanda zile ngazi anapokeaje?"

"Tunashuka. Kwani ngazi ni za nani?" Kalamu ikasimama. "Nani huyo?"

"Nauliza tu."

Alinitazama, akatia sahihi, hakuuliza zaidi.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Wageni walikuja kutoka makanisa ya jirani, kina mama wamevaa magauni yao ya kung'aa, na watoto wa Shule ya Jumapili walikuwa wanafanya mazoezi ya kuhesabu hata wakati wa sala. Mimi nilikaa mahali pangu, mstari wa pili karibu na ukuta. Kiti cha pembeni yangu huwa naweka mkoba. Huwa nasema moyoni kwamba mkoba una karatasi za kanisa na hauwezi kuwekwa chini. Ukweli ni kwamba naogopa mtu akikaa karibu atanisemesha.

Babu Ojera alikuwa mlangoni, shati jeupe, mkanda wa polisi unang'aa kama siku ya gwaride. Nje, kwenye lango, nikaona kofia ya kufuma. Mzee Marjan alikuwa amesimama upande wa barabarani, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine ndani ya ndara.

Kabla ya Meza ya Bwana, Bwana Otema akachukua kipaza sauti. Alisema uaminifu, ndugu zangu, ni kitu kinachosikika. Alisema vijana wa leo wanaamshwa na simu, lakini Kyebando inaamshwa na mtu. Watu wakapiga makofi. Tukatoka wote, tukaizunguka ringi, na Babu akauacha mwimo wa mlango.

Zilikuwa hatua nne tu. Ya kwanza aliipata vizuri. Ya pili akashika bega la mtu. Ya tatu na ya nne kila mtu aliziona, na makofi yakapungua, mmoja mmoja, mpaka yakaisha. Akachukua nondo.

"Moja!" watoto walipiga kelele. "Mbili! Tatu!"

Kwenye tano akabadilisha mkono. Kwenye saba mguu wake ukaondoka chini yake. Hakuanguka, alijitupa kwenye ringi, akaikumbatia, ikanyamaza kifuani pake. Watoto wakasema "Nane!" peke yao, sauti ikaning'inia, wakatazamana.

Mzee Marjan alikuwa amekwisha ingia langoni, anachechemea. Bwana Otema akamwinulia kiganja kama anavyosimamisha magari.

"Mzee wangu, samahani, hii ni shughuli ya kanisa."

"Najua, afande," Mzee Marjan alimjibu. "Mimi niko kazini."

"Mwache," alisema Babu Ojera. Alikuwa bado ameishika ringi, na alisema bila kumtazama mtu. "Ni kweli yuko kazini. Tangu baada ya Pasaka anayewaamsha ni huyu. Hayo mapigo thelathini na matatu ni yake. Yangu yalikuwa kumi na mawili, na hata hayo sasa siyawezi. Nilimwomba anifiche. Nyinyi mkanisifu, nami nikakaa kimya."

Kisha nyuma kijana mmoja akanong'ona, "Kwa hiyo tumeamshwa na Mwislamu miezi mitatu?" na mama yake akamjibu, bila kunong'ona, "Wewe uliamka siku ngapi?" Watu wachache wakacheka, wakajizuia.

Bwana Otema alikitazama cheti mkononi mwake. Uso wake ulikuwa umejaa huruma, na hakujua auweke wapi. "Mzee, mbona hukusema? Tungekutafutia mtu."

"Hiyo ndiyo niliogopa," Babu alisema. "Mngetafuta mtu."

Akamwekea Bwana Otema nondo mkononi, juu ya cheti. Akaweka mkono wake begani kwa Mzee Marjan. "Boda yangu iko nje. Mnisamehe. Nimemaliza." Wakaanza kwenda langoni, wazee wawili wanachechemea, mmoja kulia na mwingine kushoto, na umati ukawapisha njia. Nadhani kila mtu alikuwa akingoja mwenzake aseme neno. Mimi nimengoja hivyo maisha yangu yote.

Mchungaji Adoch alinitazama. Nilikuwa na risala mkononi, na sikuwa na mstari hata mmoja ndani yake ambao ningeweza kuusoma. Niliingia kanisani, kanisa tupu, nikafika mstari wa pili. Nikautoa mkoba kitini, nikauweka chini. Kisha nikakibeba kile kiti mpaka mlangoni, nikakiweka ndani ya kizingiti tu, pale alipokuwa akisimama miaka yote.

"Babu," niliita. Sauti haikutoka nje ya kifua changu.

"Babu Ojera!"

Watu wote wakageuka. Nikashika mgongo wa kiti. Langoni Babu alisimama, bega kwa bega na mwenzake, akageuza kichwa.

"Rudi," nikasema. "Miezi mitatu sikukuuliza kitu, nilidhani umenikasirikia. Nilikuwa naona haya. Mimi asubuhi sikuwa nangoja ringi, Babu. Nilikuwa nakungoja wewe ugonge dirisha. Ringi apige atakayeweza, apige Mzee Marjan mara mia akitaka. Hiki ni kiti chako, na changu nakileta hapa pembeni. Mchungaji atashuka na mkate mpaka hapa, nimeshamwuliza. Hatutaki ufanye kazi yoyote. Njoo ukae tu. Tunakutaka wewe."